Pagume ya Siku Sita

Siku tatu kabla ya Pagume, Asnakech alichota vibaba vitatu vya unga wa tefi badala ya viwili, akaukoroga mtungini na kuufunika ili uchachuke. Kibaba cha tatu kilikuwa cha shemeji yake. Alikiongeza kila mwaka tangu aolewe, na kila mwaka mikate ya injera ilitosha, isipokuwa ule mwaka panya alipozama mtungini.

Pagume ni mwezi wa kumi na tatu. Huja mvua kubwa zikiwa zinakatika, kabla maua ya manjano hayajafunika vilima na mwaka mpya haujaingia. Una siku tano tu. Kila mwaka wa nne huongezwa siku ya sita, na mwaka huo ulikuwa wa nne.

Asubuhi ya siku ya kwanza shemeji akaja kwa njia ya mtoni, kama kawaida. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Umri huo alikuwa nao alipopigwa risasi huko kaskazini, miaka ishirini na saba iliyopita. Mama yake, Zenebech, alikuwa amepiga hesabu: kwa zile siku tano tano za kila Pagume, mwanawe alikuwa amekua kwa miezi minne na nusu tangu afe, na ndevu chache zilikuwa zimeanza kumtoka kidevuni. Koti lake la jeshi lilikuwa limelowa. Mbwa akainua kichwa, akamtambua, akalala tena.

Kijana akainama, akambusu mama yake magotini.

"Umekonda," mama akasema.

"Nimekufa, mama."

"Hata waliokufa wanakula. Kaa hapo."

Akakaa. Asnakech akamwekea injera na mchuzi wa shiro. Kaka wa kijana, mume wa Asnakech, akaingia kutoka zizini, akafuta mikono kwenye suruali, wakakumbatiana bega kwa bega mara tatu.

"Kaka, hilo tumbo! Ukishika jembe, linatangulia au linafuata?"

"Linatangulia."

"Na nywele zako?"

"Zimekwenda kukutafuta wewe."

Kijana akacheka mpaka akapaliwa. Mama akampiga mgongoni. Alikuwa mwepesi kushika, kama gunia lisilojaa.

Huyu kaka mtu, pale kijijini Shola Mado, anaitwa Wubshet. Ndivyo anavyoandikwa kwenye kodi, ndivyo mke wake anavyomwita akimkasirikia. Lakini Wubshet si jina lake. Baba yake alimpa jina la Beyene. Wubshet ni huyo kijana aliyekuja kwa njia ya mtoni.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa vita kijiji kiliagizwa kutoa vijana kumi, na katika orodha ya kumi hao jina la Beyene lilikuwamo. Asubuhi ya kuitwa, Beyene alijifunika shuka mpaka puani, akasema ana homa. Hakuwa na homa. Akamwambia mdogo wake, "Nenda uitikie jina langu tu. Leo wanahesabu vichwa, hawaondoki na mtu. Kesho nitakwenda mwenyewe." Mdogo mtu akaenda kwenye uwanja wa kupuria nafaka. Likaitwa jina la Beyene, akaitikia. Nyuma ya kanisa lilikuwapo lori. Kufika saa sita mchana lori lilikuwa limeshavuka mto na vijana kumi.

Lori lile lilikuwa limeingia kijijini alfajiri. Beyene alikuwa macho, na alisikia mlio wake. Hilo hajawahi kumwambia mtu.

Beyene aliyeko jeshini hawezi kuonekana akilima shayiri nyumbani. Kwa hiyo akawa Wubshet. Mwenyekiti wa wakulima alikuwa mtu wa kuletwa kutoka wilayani, hakuwajua ndugu hawa, na majirani walilitumia jina hilo mbele yake kwa huruma. Baadaye wakalitumia kwa mazoea. Baadaye wazee waliojua wakaanza kufa. Wubshet alikuwa na kipande cha ardhi chini ya kilima, Beyene akakilima. Wubshet alikuwa amechumbiwa binti aitwaye Asnakech tangu binti yule akiwa na miaka tisa. Wakati wake ulipofika, pande zote mbili zilikuwa zimeshapika pombe na kualika watu, na ilibidi Wubshet aoe. Akaoa.

Baada ya miezi saba ikaja karatasi kusema Beyene amekufa. Kasisi wa kijiji alikuwa mgonjwa, akaletwa mwingine kutoka ng'ambo ya mto. Kasisi huyo akauliza jina la ubatizo la marehemu, kwa sababu maiti haombewi kwa jina la kuitana shambani, huombewa kwa jina alilopewa kanisani. Mama alikuwa amezimia. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake wazi. Watu wote wakamgeukia kaka mtu. Jina la ubatizo la mdogo wake lilikuwa Weldegabriel. Lake mwenyewe lilikuwa Habtemariam. Akalitazama lile daftari, hakujua lina nini ndani.

"Habtemariam," akasema.

Waliojua wakainamisha vichwa. Habtemariam akaombewa siku ya arobaini, akaombewa mwaka ulipotimia, na kila mwaka baada ya hapo kanisa lilimwomba Mungu ampe Habtemariam pumziko, amlaze mahali pa majani mabichi, amwondolee uchungu.

Maombi yalifika yalikoelekezwa. Juu ya kitanda cha udongo anacholalia huyu anayeitwa Wubshet yaliota majani, marefu kama kiganja, kiangazi na masika. Asnakech huyakata kwa mundu kila Jumamosi na kumpelekea ndama. Mvua ya mawe ikishuka kilimani huligawanya shamba lake na la jirani kama kamba iliyonyooshwa, na mawe huanguka kwa jirani. Hajang'oka jino hata moja. Akiweka kichwa chini hulala palepale, na hiyo ndiyo adhabu, maana mara nyingi amejilaza makusudi ili akeshe akimfikiria mdogo wake, na usingizi humchukua kabla hajamaliza hata jina.

Weldegabriel hakuna aliyemwombea.

Siku ya pili ya Pagume ndugu hao wawili walikuwa wakizibua mtaro wa maji nyuma ya nyumba. Kijana alichimba vizuri, ila hakuacha alama za miguu kwenye tope.

"Kaka, nina neno," akasema.

"Sema."

"Kule tunapanga mstari kila asubuhi. Wanaita majina, tunaitikia, halafu tunatembea mpaka jioni. Kesho yake tunapanga tena. Si unajua?"

"Uliniambia."

"Sikukuambia yote. Mtu akiombewa kwao, jina lake halisomwi tena. Anaruhusiwa kwenda. Mwanzoni tulikuwa mia na arobaini. Sasa tumebaki wanne. Mmoja hana ndugu. Mwingine wa kwao walihama. Wa tatu ni mtoto wa kuokotwa, hata jina la ubatizo hajui." Akatupa koleo la tope pembeni. "Wa nne ni mimi, nina mama, nina kaka, nina shemeji. Wenzangu wananicheka. Wananiambia, kwenu mna makanisa mangapi, au mnasali kwa ng'ombe?"

Kaka mtu, huyu anayeitwa Wubshet, akaendelea kuchimba.

"Sikulaumu," kijana akasema. "Ungekuwa wewe kule, na mimi hapa, labda na mimi ningenyamaza. Nyumba ni nzuri. Lakini kaka, miguu inauma. Nenda kwa kasisi umwambie jina langu. Mwaka huu tuna siku sita. Ile ya sita ni ya ziada, ifanye kazi."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Kabla hujaondoka."

"Apa."

"Wewe! Unaniapisha mimi, kaka yako?"

"Basi usiape," kijana akasema. "Nenda tu."

Siku ya tatu ni ya malaika Rufaeli, na mvua ya siku hiyo ni dawa. Watu wote walitoka nje wakasimama chini ya mvua. Kijana naye akavua koti, akasimama katikati ya uwanja mikono juu. Maji yaliyomtoka yalikuwa mekundu kwa udongo wa kaskazini. Yalitiririka mekundu asubuhi yote, yakapita kwenye ule mtaro mpya, yakateremka mpaka mtoni. Jirani aliyekuwa akifua kule chini akapiga kelele kwamba wanamchafulia nguo. Mama akamjibu kwa kelele kwamba ni mwanawe anaoga, na jirani akahamia juu kidogo.

Siku ya nne Wubshet akamfuata mama yake kwenye mizinga ya nyuki. Akamweleza yote: mstari, wenzake watatu, kasisi.

Mama aliendelea kuziba ufa wa mzinga kwa kinyesi cha ng'ombe.

"Akiombewa, Pagume ijayo atakuja?"

"Hatakuja."

"Nina siku tano kwa mwaka," mama akasema. "Kuna wenye watoto hai huko mjini hawapati hata moja."

"Lakini anatembea, mama. Miguu inamuuma."

"Nimesikia." Akafuta mikono kwenye majani. "Na wewe unataka nikwambie usiende, ili uwe umekatazwa na mama yako. Mimi ni mzee, siwezi kukubebea na hilo."

Siku ya tano akamwuliza mke wake. Asnakech alikuwa akimwaga uji wa tefi kwenye kikaango kwa mzunguko, kutoka nje kuja ndani, na hakuacha.

"Afisa wa ardhi anakuja baada ya mwaka mpya," Wubshet akasema. "Atapiga picha, atatoa kitabu cha shamba. Kanisa likisema Weldegabriel alikufa, basi Wubshet alikufa. Shamba la Wubshet litarudi kijijini. Na ndoa..."

"Na ndoa imefanyaje?"

"Uliolewa na Wubshet."

"Niliposwa na yule pale," Asnakech akasema, akionyesha kwa kidevu uwanjani, ambako shemeji yake alikuwa akimfundisha mbwa kutoa mguu. "Nilipokuwa na miaka kumi na miwili alinichumia matunda ya miiba akaniletea kwenye kofia. Siku ya arusi nikafunuliwa uso nikakuta ni wewe. Nikasema, haya. Nimekuzalia wanne. Leo yule ana umri wa mwanangu wa tatu, namtilia mchuzi na kumwambia ale. Usinifanye mimi sababu. Ukitaka kwenda, nenda. Usipotaka, usiende. Ila ujue ni wewe."

Akafunika kikaango.

Siku ya sita mvua ilikuwa manyunyu. Wubshet akavaa shuka yake safi, akapanda mpaka kanisani. Kasisi Melaku alikuwa ameketi kibarazani akichonga penseli kwa kisu. Alikuwa kasisi wa kijiji kwa miaka kumi na mitano, na alimjua Wubshet tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

"Aba, nimekuja kwa ajili ya marehemu wetu," Wubshet akasema.

"Habtemariam. Najua, ni kila Pagume. Nimeshafungua ukurasa."

"Jina silo."

Kasisi akapuliza unga wa penseli. "Ni lipi?"

"Weldegabriel."

"Weldegabriel si ni wewe?"

Wubshet akamweleza. Alichukua muda mfupi kuliko alivyodhani. Alieleza homa, orodha, lori, karatasi, daftari la mwenyekiti. Mlio wa alfajiri hakuutaja. Kasisi alisikiliza huku akijaribu ncha ya penseli kwenye ukucha.

"Majani yale ya kitandani kwako," akasema, "nilijiuliza siku nyingi. Basi. Kusahihisha ni kazi ndogo. Nafuta hili, naandika lile, namwombea leo hii, na kabla jua halijazama atakuwa ameruhusiwa. Lakini sikiliza. Afisa wa ardhi huja kwangu kwanza. Huniuliza nani yu hai na nani amekufa, na mimi humsomea daftari hili. Sitamsomea jingine."

"Hakuna njia nyingine, Aba?"

"Njia ya nini? Ya kumwombea bila kusema amekufa?"

Wubshet akatazama chini. Kutoka kibarazani lilionekana shamba lote: shayiri imesimama, tefi imeanza kubadilika rangi, mwanawe mkubwa anapita katikati na ng'ombe wawili weusi. Manyunyu yalikuwa yakikatika kuelekea mashariki. Akamfikiria mama yake, na siku zake tano. Alimfikiria kwa nguvu, kama mtu anayesukuma mlango, kwa sababu mama alikuwa sababu nzuri kuliko shamba. Lakini macho yake yalikuwa kwenye shamba.

"Niandike nini?" kasisi akauliza. Hakuwa na haraka.

"Andika Habtemariam," Wubshet akasema. "Kama kila mwaka."

Kasisi akamtazama, kisha akalowesha ncha ya penseli ulimini, akaandika. Akasimama akaomba. Alipofika kwenye mahali pa majani mabichi, majani yakachipua kati ya mawe ya kibaraza, kuzunguka miguu ya Wubshet, na maumivu kidogo aliyokuwa nayo kwenye goti kwa ajili ya kupanda kilima yakaisha.

Aliteremka akiwa mwepesi. Alijaribu kutembea polepole akashindwa.

Kijana alikuwa akimngoja kwenye uzio. Alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti.

"Umekwenda?"

"Nimekwenda."

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Ameandika?"

"Ameandika. Na ameomba, nimesimama palepale."

Hakuna neno hata moja kati ya hayo lililokuwa la uongo.

Kijana akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu kwenye upara. Akakimbia ndani, akambusu mama, akamwambia Asnakech kwamba mchuzi wake wa mwaka huu ulipungua chumvi lakini amemsamehe. Kisha akaketi kizingitini, akafungua kamba za viatu vyake vya jeshi, akavivua. Soksi hakuwa nazo. Nyayo zake zilikuwa nyeupe na laini, kama za mtu aliyelala hospitali muda mrefu.

"Chukua, kaka," akasema. "Vya ngozi hivi. Huko ninakokwenda hakuna kutembea."

"Kaa navyo," Wubshet akasema. "Kuna baridi."

"Baridi gani? Chukua! Au unaona aibu kuvaa kiatu cha mdogo wako?"

"Kaa navyo, nakuomba."

"Kaka yangu analia," kijana akawaambia wanawake. "Mwangalieni. Jitu zima."

Akaviacha mlangoni vikiwa vimeelekea ndani, akateremka njia ya mtoni miguu mitupu akipiga mluzi. Mawe ya njia ile ni makali. Aliruka juu ya moja, akacheka, akaendelea. Kwenye kona aligeuka akapunga mkono. Walisimama wakimtazama mpaka migomba ya mwituni ikamficha.

Mama ndiye aliyesogea kwanza. Alitazama viatu, akamtazama mwanawe.

"Asante, Beyene," akasema.

Miaka ishirini na saba hakuwa amemwita kwa jina hilo. Asnakech akaingia ndani.

Jioni ile vijana wa kijiji waliwasha vienge vya kuukaribisha mwaka, na asubuhi wasichana wakapita nyumba kwa nyumba na maua ya manjano wakiimba. Wiki ya pili akaja afisa wa ardhi. Alizungumza na kasisi, akakuta hesabu iko sawa, akampiga Wubshet picha akiwa amesimama mbele ya ukuta, Asnakech kando yake. Kitabu kikatoka kabla ya mavuno. Mavuno yalikuwa mengi. Mvua ya mawe ilishuka mara mbili, zote kwa jirani.

Pagume iliyofuata ilikuwa ya siku tano. Siku ya kwanza mama alitoa kigoda nje mapema, akakaa akitazama njia ya mtoni. Asubuhi ikapita. Asnakech alikuwa amechota vibaba vitatu.

Kijana akafika adhuhuri. Alitembea kwa ukingo wa miguu, akichagua pa kukanyaga. Akambusu mama yake magotini, mama akasema amekonda. Hakuulizwa kwa nini amechelewa.

Wubshet akaleta beseni na birika, akapiga magoti, akamwosha miguu. Ngozi ya nyayo ilikuwa imetoka kabisa, na ndani ya nyama mlikuwa na changarawe, akaitoa moja moja kwa kucha. Ilichukua muda. Kijana aliuma mdomo, akatazama juu ya paa.

"Yule kasisi," akasema mwishowe, "mwandiko wake unasomeka?"

"Unasomeka."

"Maana jina langu bado wanaliita." Akafikiri kidogo. "Lile lako, yaani."

Wubshet akamimina maji.

"Labda ni foleni," kijana akasema. "Watu wamekufa wengi, kaka. Lazima kuna foleni."

"Labda."

"Basi nitangoja." Akaingiza mguu mwingine ndani ya beseni. "Ongeza ya moto kidogo."

Wubshet akaongeza.